Laki Saba Zilizozaa Ndani ya Simu

Wifi yangu haingii nyumbani kwangu. Akipita Matogoro kwenda shambani kwake hupita ng'ambo ya barabara, na akiniona nimesimama mlangoni huangalia mlima. Naanza na hilo ili anayesoma ajue mapema kwamba haya si maneno ya mtu aliyepatana na watu. Nitajitahidi kumtendea haki hata hivyo. Mimi niliishia darasa la saba, naandika kama ninavyozungumza, na mara nyingi nikimaliza kuandika jambo najiuliza kama ndivyo lilivyokuwa au ndivyo ningependa liwe.

Wakati ule tulikuwa tumepanga Mfaranyaki, hapahapa Songea, chumba na sebule, na Matogoro tulikuwa na kuta. Kuta tu. Matofali ya kuchoma, madirisha matupu, kenchi za paa zimeshapigwa juu na mbao zake zimeanza kuwa nyeusi. Mvua za mwaka uliotangulia zilikuwa zimezinyeshea, na upande wa jikoni ukapata ufa wa kuingiza kiganja. Fundi alikuja, akauchungulia, akasema, "Mama, hizi zikinyeshewa msimu mwingine utakuja kukusanya tope kwa ndoo." Kwa hiyo nilichokitaka mwaka ule kilikuwa kimoja: bati kabla ya mvua. Sikuwa na tamaa nyingine. Hata viatu nilivaa vya mwaka juzi.

Mume wangu anatengeneza pikipiki. Mimi nauza dagaa wa Nyasa sokoni Majengo. Jioni alikuwa ananikabidhi alichopata, mimi nachanganya na changu, na kila Jumanne napeleka sehemu kwenye kikoba.

Kikoba chetu ni cha wanawake wa sokoni na wachache wenye mashamba. Tunanunua hisa, pesa inaingia kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo wanashika wanawake watatu wasiokaa mtaa mmoja, na sanduku lenyewe linalala kwa wa nne asiye na ufunguo. Ukiuguliwa kuna mfuko wa jamii wa pembeni. Ukitaka kukopa utakopa, utarudisha na riba, na riba ndiyo faida yetu wote. Lakini hisa zako huzigusi mpaka siku ya kuvunja, sanduku linapofunguliwa kila mtu apewe chake. Sisi huvunja mwezi wa kumi, hatungoji Desemba kama wengine, kwa sababu mwezi wa kumi ndipo kila mtu Songea anatafuta pesa ya mbolea. Mimi nilipiga hesabu kwamba mwezi wa kumi wao watanunua mbolea na mimi nitanunua bati.

Wifi yangu ni dada mkubwa wa mume wangu, mhasibu kwenye ofisi moja mjini. Jumapili moja baada ya misa alikuja kula kwetu. Mume wangu akaniuliza pesa ya wiki imekwendaje, nikaanza kumjibu kwa vidole. Wifi akaweka kijiko chini.

"Wifi, dunia ya leo bado unahesabu kwa vidole? Kama mtoto wa chekechea?"

Akachukua simu yangu, akaniwekea programu ya bajeti. Nikiri kwamba ilinisaidia. Kabla haijaja sikujua kwamba vocha zilikuwa zinakula kuliko sukari. Mume wangu naye aliipenda. Ilikuwa na picha ya duara kama chapati, imekatwa vipande vya rangi, na mwisho wa mwezi alikuwa anakaa nayo kama mtu anayesoma gazeti.

Tabu ilikuwa kikoba. Ile programu inajua akaunti za aina mbili. Kuna za ndani, inazozifuata, kwa mfano pesa ya kwenye simu na ya benki. Ukihamisha kutoka simu kwenda benki hainung'uniki, maana pesa ni ileile, imebadili mfuko. Na kuna za nje, isizozifuata. Ukipeleka pesa huko inataka useme umeipeleka kwa ajili ya nini, kisha inaihesabu kuwa imetumika. Imetoka, imekwisha. Mimi sanduku nililiweka nje. Niliona ndiyo haki: pesa ambayo siwezi kuitoa hata nikilia, nitasemaje ninayo? Nilipoulizwa ni ya nini nikaandika Bati.

Mwisho wa mwezi chapati ikatoka na kipande kikubwa chekundu.

"Mama," mume wangu akasema, "hapa wanasema tumenunua bati."

"Hatujanunua."

"Mbona imeandikwa? Tena pesa nyingi kuliko chakula. Ziko wapi hizo bati, umezilaza mvunguni?"

"Ziko kwenye kikoba, baba. Ni pesa ya bati. Si bati."

"Kwa hiyo imetumika au haijatumika?"

Nilifikiri kwa uaminifu kabisa, nikamjibu, "Haijatumika, ila haipo."

Akacheka, kicheko kibaya. "Hata mwizi akikamatwa anajibu vizuri kuliko hivyo."

Kila mwezi ikawa hivyo. Naongeza jambo moja, na silisemi kwa kumchongea. Yeye mwenyewe alikuwa anamtumia mama yake pesa kila mwezi, na hiyo nayo ilitoka nyekundu, maana mama mkwe hayumo ndani ya programu yoyote. Hakuna aliyeuliza hiyo imekwenda wapi. Wala sikutaka iulizwe. Mama ni mama. Niliona tu kwamba kuna wekundu wa kuulizwa na wekundu wa kunyamaziwa.

Mwezi wa tisa akamwita dada yake. Nilimkuta sebuleni nilipotoka sokoni, bado nanuka dagaa.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Lete simu." Akaipangusa kwanza kwa leso. "Nani alikwambia uweke hisa nje? Hisa ni mali. Mali yako huitupi nje kama maganda. Ndiyo maana mdogo wangu halali."

"Lakini siwezi kuitoa, wifi."

"Na benki ikifungwa Jumapili unaweza kuitoa? Mbona ile unaiita pesa?"

Swali hilo nalibeba mpaka leo. Akadai kitabu changu cha hisa, akahesabu mihuri kwa ncha ya kalamu, maana hisa za mwaka ule tulikuwa tumeshamaliza kununua. Laki saba. Akafungua ndani ya programu akaunti mpya ya sanduku, akaandika laki saba kwa mkupuo, kisha na ile ya zamani akaibonyeza nayo iingie ndani. Sasa ile ya zamani ilikuwa na pesa zote nilizozihamisha mimi Jumanne baada ya Jumanne, ambazo ni laki saba hizohizo. Programu ikazijumlisha. Kwenye simu tukawa na milioni moja na laki nne.

Jinsi ilivyotokea nimeielewa baadaye. Siku ile niliona tu namba. Niliitazama, nikajiambia labda ndiyo faida ya mwaka, labda programu inajua kitu, na huyu ni mhasibu. Nikanyamaza. Kwa hiyo sisemi kosa ni la mtu mmoja. Mwenye mkono ni yeye, lakini mimi nilikuwa na macho.

"Ona sasa," wifi akamwambia mume wangu. "Mna pesa. Mlikuwa mnagombana bure."

Mtoto wa kiume wa wifi alikuwa anaoa mwezi wa kumi na moja, na kamati ya harusi ilikuwa inakaa uani kwake kila Jumapili. Jumapili iliyofuata tukaenda. Mwenyekiti akafika kwenye ahadi.

"Mjomba wa bwana harusi! Simama tukuone. Mjomba hakai nyuma ya nguzo."

Mume wangu akasimama. Akatengeneza kola. "Mimi na familia yangu," akasema, "laki tano."

Vigelegele. Wifi akafuta machozi, na naamini yalikuwa ya kweli. Na mimi nilipiga makofi, ila nilichelewa, wenzangu wakawa wamemaliza.

Tulirudi kwa miguu.

"Laki tano umeitoa wapi?" nikamuuliza.

"Kwenye simu yako. Milioni na laki nne, toa laki saba za bati, inabaki laki saba nyingine. Nimetoa tano, nimekuachia mbili. Au hesabu yangu mbaya?"

Hesabu yake haikuwa mbaya. Hilo ndilo lililoniuma. Nilimwonyesha kitabu cha hisa, muhuri mmoja mmoja, nikamwambia laki saba nyingine haipo, haijawahi kuwepo. Akampigia dada yake, akaweka sauti kubwa nisikie.

"Mwambie aseme laki saba nyingine kaipeleka wapi," wifi alisema.

"Haijawahi kuwepo, wifi."

"Mimi kazi yangu ndiyo hii. Wewe unapima dagaa kwa kopo. Simu imeandika, bado unabisha?"

"Simu uliiandikia wewe."

"Kwa hiyo sasa mimi ndiye mwizi?"

Sikusema mwizi. Lakini sauti yangu ilikuwa imesema, nakubali.

Tangu siku ile mume wangu akaacha kunikabidhi pesa ya jioni. Alilala nayo mfukoni mwa shati. Gereji wakamwambia mkeo anajenga kwao, na yeye akayaleta maneno nyumbani yakiwa ya moto. "Watu wanasema kule kwenu kuna nyumba inainuka." Kwetu hakujainuka kitu isipokuwa nyasi. Nilimwambia twende tukaone. Akasema hana nauli ya kwenda kuona aibu.

Siku ya kuvunja kikoba tulikaa uani kwa mwenzetu, Majengo. Wifi akaja na nguo zake za ofisini. Akavuta benchi, akakaa pochi mapajani.

"Mgeni wetu ni nani?" mwekahazina akauliza.

"Wifi yangu."

"Amekuja kushuhudia au kudai?"

Wanawake wakacheka. Wifi hakucheka. "Vyote viwili," akasema.

Kwetu hesabu husomwa kwa sauti. Wengine hawajui kusoma, kwa hiyo katibu anataja na sisi wote tunaitikia, ili namba ikae vichwani mwa watu wengi na asiwepo wa kuibadilisha peke yake. Ikafika zamu yangu.

"Hisa, laki saba!"

"Laki saba!"

"Faida, elfu themanini!"

"Elfu themanini!"

"Jumla, laki saba na elfu themanini!"

Wakaitikia mpaka kuku wakakimbia. Nilimtazama wifi. Midomo yake ilicheza, alikuwa anahesabu. Alijua. Nilingoja neno moja, hata dogo, hata "kumbe". Nilikuwa tayari kulipokea na kulimaliza palepale, naapa.

Akasimama. "Haya. Basi kwenye hiyo utoe tano."

"Wifi, umesikia mwenyewe."

"Nimesikia. Na kamati nzima imesikia mdogo wangu akiahidi. Ahadi ni deni. Ukumbi tumeshautolea kianzio kwa kutegemea hizo ahadi. Bati utanunua mwakani, kuta hazina miguu za kukimbia."

"Zinayeyuka."

"Ndoa haingojei kuta za mtu."

Hakusema uongo. Ukumbi walikuwa wameutolea kianzio kweli. Na mimi nilivyolelewa, nilipaswa kwenda nyumbani kwanza, niiweke pesa mbele ya mume wangu, niseme, baba, amua. Nililifikiria hilo nikiwa nimeikumbatia pesa ndani ya kanga. Lakini nilijua ikifika nyumbani itaingia kwenye simu, na ikishaingia kwenye simu itakuwa ya kila anayejua kubonyeza. Nikageuka kuelekea maduka ya vifaa vya ujenzi. Wifi akanifuata.

Tulitembea hivyo, mimi mbele yeye nyuma, viatu vyake vikigonga. "Unakwenda wapi? Nakuuliza wewe! Unamvua nguo mume wako!" Watu walikuwa wanageuka. Mmoja wa sokoni akaniita, "Mama dagaa, unafukuzwa na deni?" Sikumjibu, kwa sababu sikujua kama ni uongo.

Dukani muuzaji akaniuliza, "Mama, migongo mipana au ya kawaida?"

"Usimuuzie huyo!" wifi akasema. "Hiyo ni pesa ya harusi."

Muuzaji akatutazama wote wawili. "Mama mkubwa, mimi nauza bati. Ya harusi iko duka la pili, wanauza maua."

"Ya kawaida," nikasema. "Na misumari."

Nilihesabu pesa mezani, muuzaji akanisaidia kunyoosha noti. Bati zikapakiwa kwenye kigari cha kirikuu. Ilibaki elfu sitini na kitu. Nikamnyooshea wifi yote. "Pokea hii. Iliyobaki nitalipa kidogo kidogo, mimi, kutoka kwenye dagaa."

Aliitazama kama nimemnyooshea utumbo wa samaki. "Mimi si ombaomba wako." Akazipiga bati kwa pochi, zikalia barabara nzima. "Lala nazo. Siku ukifa wakufunike nazo."

Mume wangu alikuja Matogoro jua halijazama. Alikuwa ameshapigiwa simu. Akasimama mbele ya zile bati bila kuzima pikipiki.

"Umeniacha uchi mbele za watu," akasema.

Nilikuwa na jibu, tena zuri, limefika kwenye ulimi. Nikalimeza, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Yeye aliahidi kwa nia safi kwa namba aliyoonyeshwa, na mimi ndiye niliyemfanya mwongo. Kwamba namba ilikuwa ya hewa hakuna aliyekuwepo kwenye kamati wa kuwaeleza watu.

Jumamosi alikuja na nyundo. Alipiga bati zote mwenyewe, na neno nililolisikia siku nzima lilikuwa "misumari". Mvua ya kwanza ilikuta nyumba ina paa. Tulihamia na milango ya kuazima.

Harusini sikupewa kitenge cha sare. Wanawake wote wa ukoo walivaa kijani, mimi nikavaa changu cha maua, wakaniketisha karibu na spika. Mwenyekiti akasoma ahadi na waliotimiza. "Mjomba wa bwana harusi, ahadi laki tano, ametoa laki moja." Hiyo moja alikopa gereji. Mume wangu alikuwa anaangalia sahani. Sijawahi kumwona anaangalia sahani namna ile, na nilitamani kwa dakika kadhaa nyumba ile iwe tope.

Ilibaki laki nne. Nilisema nitalipa, na nalipa. Kila mwisho wa mwezi natuma kwa wifi elfu thelathini. Kwenye programu nimefungua fungu linaitwa Ahadi, na yeye nimemwandika akaunti ya nje, isiyofuatwa. Haipiti hata saa, simu inalia: amerudisha. Tena anarudisha na ada ya kutolea pesa juu yake, nisije nikasema amenila makato. Mwezi uliofuata nami natuma na ya kutolea. Naye anarudisha na ya kutolea ya ile ya kutolea. Wanaonenepa ni wenye mitandao.

Tena programu haina mahali pa pesa iliyokataliwa. Ikirudi inaiita Mapato. Kila mwezi kwenye chapati kuna kipande cha kijani ambacho ni hasira ya wifi yangu, na kwa mujibu wa simu sisi ni watu tunaoendelea vizuri.

"Acha kutuma," mume wangu aliniambia wiki iliyopita. Siku hizi ananisemesha, maneno mafupi mafupi. Pesa ya jioni bado hanipi; anaiweka juu ya kabati, nami naichukua.

"Ahadi ni deni," nikasema.

"Deni la nani?"

"Lako."

Akatoka nje. Nilimsikia akizunguka nyumba, akigonga ukuta wa jikoni pale penye ufa, kama anayempima mgonjwa. Ufa haujaongezeka.

Sokoni nilikutana na wifi uso kwa uso, hakukuwa na mlima wa kuangalia. "Shikamoo, wifi," nikasema. "Nzuri," akajibu. Mtu akikujibu "nzuri" kwenye shikamoo, ujue amekufungia mlango na kukuachia dirisha la kukutemea mate. Nikapima dagaa wa mteja aliyefuata. Nilimzidishia, mkono haukuwa wangu.

Leo ni mwisho wa mwezi na mvua inapiga bati mpaka sisikii ninachofikiri. Nimetuma. Simu imewaka, sikuisikia, nimeiona tu ikitetemeka mezani. Imerudi yote, na ya kutolea. Nimefungua programu, nimeandika tarehe, na pale panapouliza pesa hii ni ya nini nimesoma majina yote moja moja. Kisha nimebonyeza Mapato, kwa sababu ndilo neno walilonipa, nikaenda kuweka ndoo jikoni. Hapavuji. Nimeiweka tu.